Ufalme wa Vugha: Wakilindi walikaribishwa mlimani, au walituuza?

Kitukuu wa Mlalo

Wakuu shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Naomba msaada wa wanaoijua historia ya Usambara, hasa wazee wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe. Mama yangu ni Mkilindi, ukoo wa wafalme wa Vugha. Baba ni Msambaa wa Mlalo, ukoo wa wakulima tu, hawajawahi kukalia kiti chochote. Mwezi uliopita familia zilikutana kwa ajili ya posa ya dada yangu, na kama ilivyo kawaida, wajomba walipokwisha kula wakaanza kusimulia habari za Mbegha: mwindaji aliyekuja na mbwa wake, akaua simba, akapewa ufalme. Wanasimulia vizuri, hata mimi hupenda kuwasikiliza. Safari hii baba mdogo akadakia. Akasema, "Ya simba tumeyasikia. Sasa simulieni na ya babu zetu mliowateremsha Mazinde wakapelekwa Pangani kuuzwa." Mjomba mkubwa akajibu kwamba Wakilindi hawakuuza watu, walileta amani na mvua, na kama si Wajerumani ufalme ungekuwepo mpaka leo. Posa iliendelea, lakini watu hawakuagana vizuri.

Mimi nina damu ya pande zote mbili na sitaki kuchagua upande kwa sababu tu nampenda mjomba au nampenda baba mdogo. Naomba nielezwe. Mtu mmoja mgeni aliwezaje kutawala milima yote ile bila jeshi? Ni kweli Wakilindi waliuza raia wao? Na ufalme ulivunjwa na Wajerumani, au ulikuwa umeshavunjika?

Naomba majibu ya wanaojua, tusitupiane makabila.

Msafiri wa Segera

Mkuu, ninavyofahamu mimi Mbegha alitoka Nguu, upande ambao sasa ni wilaya ya Kilindi. Aliota meno ya juu kwanza, yaani alikuwa kigego, na mtoto wa namna hiyo zamani hakuachwa aishi. Wazazi wake walimficha. Alipokua, ndugu wakamnyima urithi kwa sababu hiyo hiyo, akaondoka na mbwa zake na mikuki yake.

Kuhusu kuvunjika, nadhani mjomba wako yuko sahihi. Wajerumani walimnyonga mfalme Mputa mwaka 1895. Baada ya hapo kuna ufalme gani tena?

Mwalimu Mstaafu, Soni

Mwanangu, nakupongeza kwa kuuliza hadharani. Nilifundisha historia sekondari, nimezaliwa huku huku Soni, na mama yangu alikuwa mkulima, si Mkilindi. Nitajibu kirefu kwa sababu swali lako limebeba mambo matatu, na kwa sababu kila mwaka naona vijana wakipewa kipande kimoja cha habari hii na kuambiwa ndiyo yote.

Kwanza hilo la jeshi. Hebu tuitazame milima ilivyokuwa kabla ya Mbegha. Wasambaa waliishi kwa koo, kila ukoo na wazee wake. Walipenda kujenga kwenye kingo za mlima, kwa kuwa mtu wa ukingoni ana migomba yake juu penye ubaridi na mvua, na bado anaweza kushuka asubuhi kulima nyika na kupanda tena kabla ya giza. Kulala nyika hakuna aliyetaka: homa, wavamizi, ukame wa ghafla. Watu hawa walijitosheleza kwa mengi, ila mambo mawili yaliwashinda. Nguruwe mwitu walikuwa wanafukua mashamba, na kesi kati ya ukoo na ukoo hazikuwa na mwamuzi asiye ndugu wa upande mmoja.

Sasa anatokea mtu asiye na ndugu hata mmoja mlimani. Masimulizi yanasema alipotoka Nguu alikaa Kilindi, akapendana sana na mtoto wa mkuu wa pale, na yule kijana akafa wakiwa kwenye uwindaji wa nguruwe. Mbegha akakimbia, na vijana wa Kilindi waliokuwepo wakaogopa kurudi bila mtoto wa mkubwa wao, wakafuatana naye. Ndiyo maana uzao wake unaitwa Wakilindi. Akapitia Zirai, akafika Bumbuli. Kila alipopiga kambi aliua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Uislamu ulikuwa haujapanda mlima wakati huo, nguruwe alikuwa kitoweo kama kitoweo kingine. Wakampelekea na kesi zao, akazikata bila kupendelea, kwani ampendelee nani? Bumbuli wakampa mke.

Habari zikafika Vugha. Mzee Turi akaenda na watu wake kumwomba ahamie kwao. Safarini walilala njiani, simba akaja usiku, Mbegha akamuua, wakaingia Vugha na ngozi yake. Wakamwita Simba Mwene, na wafalme wote wa Vugha waliomfuata wakaitwa hivyo hivyo. Hayo yanawekwa karne ya 18, nusu yake ya mwanzo. Wajomba zako wanampenda yule simba, na wana haki ya kumpenda. Mimi naona nyama ya nguruwe na kesi zilizokatwa kwa haki ndizo zilizojenga ufalme. Ngozi ya simba ilikuja kuufunika tu.

Lakini nyama haitawali vizazi vitano. Kilichofanya kazi hiyo ni ndoa, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Koo za mlimani zilimwoza Mbegha binti zao. Watoto wakazaliwa, na mtoto wa kiume alipokua alipelekwa kuwa zumbe, yaani chifu, kwenye nchi ya mama yake. Fikiria mwenyewe: zumbe anayeingia kwenu ni Mkilindi kwa baba, ila ni mpwa wenu. Wajomba wamemlea, wanamjua, wanamkemea akikosea, na wanamtetea Vugha kwa sababu akiinuka wameinuka nao. Mbegha alipofariki kifo chake kilifichwa mpaka mwanawe Buge, aliyezaliwa na yule mwanamke wa Bumbuli, alipoletwa Vugha. Watu walipojua kwamba mfalme amekufa, mwingine alikuwa ameshakalia kiti. Ukinipa kuchagua kati ya jeshi na utaratibu ule wa wajomba, najua upi ulidumu zaidi.

Buge akafuatiwa na Kinyashi, na baada ya Kinyashi akaja mtu ambaye nchi ilifika kilele chake mkononi mwake: Kimweri ye Nyumbai. Alikaa kwenye kiti tangu karibu 1815 mpaka 1862. Wanawe walikuwa mazumbe kila upande, Usambara magharibi na mashariki, hadi Bonde, nchi ya Wabondei. Kodi ya mifugo na chakula ilipanda Vugha, na kesi nzito zilipanda Vugha. Mkono wake ulifika pwani kati ya Pangani na Vanga, ambako yeye na Sultani wa Unguja walikuwa kila mmoja na sauti yake juu ya wakubwa wa miji. Mmisionari Krapf alipanda kumwona mwaka 1848 akarudi tena 1852, akakuta mfalme ambaye neno lake halijadiliwi. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakamkuta mzee sana na mgonjwa.

Watu walimtii kwa sababu ya mvua. Msambaa aliamini kwamba mfalme ana uwezo wa kuiponya nchi, kuzifya shi, na uwezo wa kuiharibu, kubana shi. Mwenye nguvu akiwa mmoja na asiye na mshindani, anaitazama nchi kama mali yake, hana sababu ya kuizuilia mvua. Analeta neema ili ale kodi ya shibe. Wakiwa wawili wanashindana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja anaharibu ili mwenzake aonekane hafai, na wanaokufa njaa ni wakulima. Usiichukulie imani hii kama ushirikina wa kale tu. Ndani yake kuna katiba nzima. Ilimwambia mfalme kwamba watu wanampima kwa shibe yao, na ilimwambia mkulima kwamba vita vya wakubwa ndiyo njaa yake. Yaliyotokea baadaye yalithibitisha kila neno.

Nije kwenye la baba yako mdogo. Ndiyo, watu waliuzwa. Mjomba akikana hilo anakosea, na ni vizuri aambiwe kwa heshima. Hata enzi za Kimweri palikuwa na watumwa wa mfalme: waliohukumiwa, waliotekwa vitani, na waliokimbilia boma la Vugha kutafuta hifadhi. Mtu aliyeandamwa na maadui au na njaa aliweza kukimbilia kwa mfalme na roho yake ikawa salama, ila tangu siku hiyo alikuwa mtu wa mfalme. Hifadhi na utumwa vilipita mlango mmoja. Hilo lilikuwepo tangu zamani na sitalipaka rangi. Lakini kuteka vijiji vya Wasambaa wenzao na kuwateremsha kwa misururu ni jambo la baadaye, na lina mahali pake: Mazinde.

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar kwenda Arusha, ukishapita Mombo unaipita Mazinde, chini kabisa ya mlima, mkonge umetanda. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Pangani kwenda bara ilipita bonde hilo. Pembe za ndovu zilishuka, nguo, shanga na bunduki zikapanda. Wazigua walikuwa karibu zaidi na pwani, wakazipata bunduki mapema, na Kimweri aliyekaa juu Vugha akaanza kupoteza nyika. Utajiri wa ufalme wake ulikuwa wa kupanda mlima: mbuzi, ng'ombe, ndizi, kodi. Utajiri mpya haukupanda, ulipita chini.

Mmoja wa wanawe alilielewa hilo kuliko wote, naye ni Semboja. Alijiweka Mazinde, akafanya biashara, akavaa kama watu wa pwani, akakusanya bunduki na wapiganaji wa makabila mbalimbali. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, kijana. Kwa utaratibu wa Mbegha, Semboja alipaswa kumtii mfalme wa Vugha hata kama ni mtoto wa nduguye. Kwa utaratibu wa bunduki, hakuwa na sababu. Akaingia kwenye magomvi ya mazumbe, akayakuza, na miaka michache tu baadaye akapanda na watu wake akaiteka Vugha, ikachomwa moto. Shekulwavu akakimbilia mashariki na hakuishi muda mrefu. Semboja akamweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vugha. Yeye mwenyewe akarudi Mazinde.

Tafakari hilo la mwisho, mwanangu. Mtu ameteka mji wa mfalme, mji ambao kwa vizazi kila Msambaa aliuona ndio moyo wa nchi, halafu hataki kuukalia. Anamwachia mwanawe kiti, anashuka bondeni yaliko mapato. Kwangu mimi ufalme wa Vugha ulikufa siku ile, karibu miaka ishirini kabla Mjerumani hajatia saini mkataba wowote huku.

Baada ya hapo kila upande ulihitaji baruti, na baruti ilinunuliwa kwa watu. Watoto wa upande wa Shekulwavu walipigana kutoka mashariki, Semboja kutoka magharibi, mazumbe wadogo wakiegemea huku na kule. Vijiji vilivamiwa, wanawake na watoto wakachukuliwa. Babu zake baba yako mdogo wana nafasi kubwa ya kuwa miongoni mwao. Wale wapwa waliolelewa na wajomba zao sasa walikuwa wanawauza wajomba.

Msafiri wa Segera, Mputa alinyongwa kweli mwaka 1895, na mwaka huo huo Semboja akafariki. Lakini Wajerumani walikuta watu wanaopigana wao kwa wao kwa miaka mingi. Walivunja vipande.

Bwana Abdallah bin Hemedi, aliyeishi karibu na Semboja kule Mazinde, ndiye aliyeandika habari za Wakilindi kwa Kiswahili chetu hiki, na bila yeye tungepoteza mengi. Ukimsoma, kumbuka alikaa uwanja wa nani.

Mbondei wa Muheza

Mwalimu shikamoo. Umeeleza vizuri ila upande wetu umetupita haraka. Sisi Wabondei nasi tulitawaliwa na Wakilindi wa Vugha, na tuna neno moja tunalolikumbuka: Kiva, yaani kuinuka kwetu dhidi yao.

Vugha ilipoungua, watu wa Bonde wakaona kumbe wakubwa wale wanaweza kushindwa. Semboja naye aliwachochea, maana mazumbe wengi wa huku walikuwa upande wa Shekulwavu. Wakulima wakainuka wakawaua Wakilindi na kuwafukuza. Nyumbani kwetu haikusimuliwa kama fujo. Ilisimuliwa kama watu waliochoka kuchukuliwa watoto. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema kwamba zumbe akipita, mama anamwita mwanawe ndani.

Mtoa mada, nakuomba hilo ulibebe pia. Wajomba wakisema "tulileta amani," kuna watu hawakuiona amani hiyo mpaka walipojikomboa kwa mikono yao.

Mwalimu Mstaafu, Soni

Marahaba mwanangu, na asante. Una haki. Kiva ilitikisa Usambara mashariki yote, na Wakilindi wengi waliuawa, wengine wasio na hatia yoyote isipokuwa kuzaliwa. Nami nakuongezea jambo moja la kupima. Waliomwita Mbegha walikuwa watu wa Bumbuli na Vugha. Huko kwenu Bonde utawala ulifika baadaye, enzi za Kimweri, ukiwa umeshakuwa na nguvu. Hamkuwaita ninyi. Mkataba wa nyama na chakula haukufungwa Muheza. Kwa hiyo mtu wa Vugha na mtu wa Bonde wakisimulia Wakilindi tofauti, wote wawili wanasema kweli ya kwao.

Ila nakataa kwamba Kiva ilikuwa yenu peke yenu. Semboja aliitumia. Aliwasukuma wakulima kuwamaliza ndugu zake mwenyewe waliompinga, na Kibanga, wa upande wa Shekulwavu, na wenzake wakaendelea kupigana naye kutoka mashariki kwa miaka. Wakulima walipata nafuu ya kumwondoa zumbe, kisha wakabaki katikati ya bunduki za pande mbili.

Kitukuu wa Mlalo

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mara mbili nikampelekea baba simu asome. Amenyamaza kidogo, akasema swali lake: kama ufalme ulikufa Vugha ilipochomwa, mbona yeye mwenyewe akiwa mdogo alimwona mfalme wa Vugha, na watu wakipiga magoti? Anasema ilikuwa kabla ya uhuru. Huyo alikuwa nani?

Mwalimu Mstaafu, Soni

Marahaba, na msalimie baba. Aliyemwona ni Kimweri Mputa Magogo, wa mwisho. Nieleze alivyofika pale.

Wajerumani walipomnyonga Mputa walimchukua Kinyashi, mtoto wa yule Shekulwavu aliyekimbia, wakamweka kiti cha Vugha mwaka 1895. Yaani upande ulioshindwa vitani ukarudishwa na mgeni. Kinyashi alijulikana kwa mvua, lakini aliketi katikati ya uzao wa Semboja akiwaogopa, akihofia uchawi wao, na mwaka 1902 akaachia kiti kwa hiari yake. Sijui mfalme wa huku kabla yake aliyefanya hivyo akiwa mzima na hajafukuzwa. Wajerumani wakaendelea na maakida na majumbe wao, Lushoto wakiiita Wilhelmstal.

Waingereza walipoleta mpango wa kutawala kupitia wenyeji, miaka ya 1920, wakamtafuta Kinyashi yule yule, mzee sasa, wakamrudisha. Alitawala mpaka 1929. Baadaye kiti kikaja kwa Shebughe Magogo, wa uzao wa Semboja, naye akang'atuka mwaka 1947 katikati ya malalamiko ya wananchi, ndipo akaingia Kimweri Mputa Magogo. Wananchi walimpokea kwa matumaini makubwa. Walipiga magoti kweli, na wengi wao hawakuigiza.

Lakini angalia kazi waliyompa Waingereza. Mwaka 1946 ulianza Mlalo kwenu mradi wa kuhifadhi udongo, baadaye ukaenezwa milima mingine. Kila mkulima alitakiwa kuchimba matuta ya kukinga maji kwenye shamba lake. Asiyechimba anashtakiwa baraza la zumbe, anatozwa faini. Waliochimba zaidi walikuwa akina mama, na ardhi yenyewe ilikuwa haitoshi. Mama yangu alichimba matuta. Alikuwa akisema jembe linagonga jiwe na askari wa zumbe amesimama juu ya shamba anahesabu. Wataalamu wale hawakukosea kwamba udongo unaondoka, hata leo ukisimama Soni mvua ikinyesha unauona mto ulivyo mwekundu. Walikosea kumfanya mfalme wa mvua awe msimamizi wa faini. Mtu ambaye kazi yake tangu Mbegha ilikuwa kuiponya nchi, watu walimwona anawabana mashambani mwao. Matuta yaliachwa katika miaka ya 1950 kwa sababu watu walikataa, na TANU ilipopanda mlima ilikuta mioyo iko tayari.

Baada ya uhuru serikali ikafuta utawala wa machifu nchi nzima, na kiti cha Vugha kikaishia hapo, 1962. Hakuna aliyemwaga damu kukitetea. Kwa hiyo mwambie baba kwamba alichokiona kilikuwa kweli: mtu wa uzao ule, heshima ile, kiti kile. Kilichokosekana ni mkataba uliokuwa chini ya kiti.

Msafiri wa Segera

Mwalimu nimekuelewa, na nimefuta kichwani ile ya "mzungu ndiye aliyeua." Swali dogo: Vugha yenyewe bado ipo? Kuna kitu cha kuona?

Mwalimu Mstaafu, Soni

Ipo mwanangu. Unapandia Mombo hadi Soni, halafu unauliza gari za Vuga, sasa iko chini ya halmashauri ya Bumbuli. Usitegemee kukuta jiwe la kasri. Nyumba za mfalme zilikuwa za miti, udongo na majani kama za watu wengine, na moto uliunguza mji ule zaidi ya mara moja ukajengwa tena. Utakuta mashamba, kanisa na misheni ya Walutheri waliofika mwanzoni mwa utawala wa Kijerumani, na wazee. Waone wazee kwanza kabla ya kuanza kupiga picha, hasa ukitaka kuelekezwa penye makaburi. Si mahali pa kuingia hivi hivi.

Na wewe Kitukuu, kabla ya arusi ya dada yako fanya kazi moja. Kaa na baba mdogo peke yake, muulize watu wake waliochukuliwa walikuwa wa kijiji gani, na zumbe wa hapo wakati huo aliitwa nani. Usimuulize mwaka, hataujua. Muulize jina la zumbe na jina la aliyekuwa Vugha. Akikutajia Kimweri ye Nyumbai, au mtu aliyekimbilia boma, hao ni watu wa mfalme wa zamani. Akikutajia Maguvu, au Semboja, au vita vya mashariki, hao ni watu wa miaka ya bunduki. Kisha nenda kwa mjomba mkubwa umuulize babu yake alikuwa upande gani katika vita hivyo, wa Shekulwavu au wa Semboja. Wakilindi wanajua, hata wasiposema mbele za wageni. Andika majina yote kwenye daftari, ya pande zote mbili, na uyaandike ungali unao wote wawili.

Kitukuu wa Mlalo

Nashukuru sana mwalimu, na wote mliochangia. Baba mdogo yuko Mlalo, nitapanda wiki ijayo. Mjomba nimeshampigia. Amesema nije, ila kwanza akaniuliza nani kanifundisha jina la Shekulwavu.